Kuzamia na mtungi: kazi kubwa ilikuwa kuacha kubana pumzi

Mtu aliyekulia pwani huingia kwenye kozi ya kuzamia na mtungi akiwa na faida moja na kasoro moja. Faida ni kwamba maji hayamtishi. Kasoro ni kwamba tangu utotoni amezoea kubana pumzi: unavuta, unabana, unazama, unamtoa pweza pangoni, unarudi juu. Kwa mzamiaji wa mtungi tabia hiyo ni hatari kuliko zote, na ndiyo iliyonipa kazi nilipofanya kozi ya Open Water Diver, kozi ya wanaoanza, ya PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja.

Hatari yenyewe iko hivi. Juu ya maji shinikizo ni bar 1, na kila mita 10 za bahari huongeza bar 1 nyingine. Mvuvi anayezama kwa pumzi yake hushuka na hewa aliyovuta juu. Inabanwa anavyoteremka, na akipanda inarudi ilivyokuwa. Mwenye mtungi anavuta hewa akiwa chini, nayo inakuja na shinikizo la kina hicho. Akijaza lita 5 mapafuni akiwa mita 10, kisha akapanda bila kupumua, hewa hiyo inataka kuwa lita 10 afikapo juu. Mapafu hayana nafasi hiyo, kwa hiyo yanachanika na hewa inaweza kupenya kwenye damu. Wala si lazima utoke mbali: ukiwa umejaza kifua na kubana, mita moja au mbili zinatosha kuumiza. Ndiyo maana kila regulata (kifaa kinacholeta hewa ya mtungi mdomoni) inapotoka mdomoni, iwe kwa mazoezi au kwa bahati mbaya, unatoa vipovu vidogo vidogo mfululizo, kama mtu anayesema “aaa” taratibu.

Nilichofanya kabla ya kozi ni mazoezi ya wiki mbili nyumbani, kwa karai la maji na mrija. Unatia uso majini bila miwani, pua ikiwa wazi, unapumua kwa mdomo kupitia mrija dakika 5 bila kusimama. Siku ya kwanza maji yanaingia puani kila unapovuta, kwa sababu pua na mdomo vimezoea kuvuta pamoja. Kufikia siku ya nne au ya tano koo linajifunza kufunga njia ya pua lenyewe. Zoezi hili ni dogo, lakini wengi wanaokwama kwenye kozi hukwama hapo hapo: miwani inajaa maji, wanavuta kwa pua, wanapaliwa, wanakimbilia juu.

Masharti ya kuingia si magumu. Umri usiopungua miaka 10, fomu ya afya (pumu, upasuaji wa sikio, ujauzito na matatizo ya moyo yanataka uzungumze na daktari kwanza), kuogelea mita 200 bila kikomo cha muda, na kuelea dakika 10. Nadharia ina sehemu 5 na mtihani wa maswali 50, kufaulu ni asilimia 75. Halafu vipindi 5 vya maji ya kina kifupi na mizamio 4 baharini: miwili ya kwanza isizidi mita 12, miwili ya mwisho isizidi 18. Watu wengi humaliza kwa siku 3 au 4. Nashauri uombe siku 4.

Nilichagua mwisho wa Oktoba, wakati wa tangambili, kusi imeshalegea na kaskazi haijaanza, na nikapanga mizamio iangukie maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unakuwa na nguvu, hasa upande wa kisiwa cha Mnemba, na mwanafunzi anayepigana na mkondo humaliza hewa yake bila kujifunza kitu. Hilo waulize wenye kozi kabla ya kulipa, usiulizie bei peke yake.

Kuhusu vifaa. Mtungi wa kawaida ni wa aluminiamu, wa lita 11 hivi, unaojazwa hadi bar 200. Ndani ni hewa hii hii tunayovuta, iliyokaushwa na kushindiliwa. Si oksijeni kama watu wanavyosema. Kuunganisha kunachukua dakika tano ukishazoea. Lowesha kwanza ukanda wa jaketi (fulana inayobeba mtungi na kujazwa hewa ili uelee), kwa sababu ukiukaza mkavu unalegea ukipata maji na mtungi unachomoka. Angalia oringi, ile pete ya mpira ya mdomo wa mtungi: ikiwa na ufa au mchanga hewa itavuja kwa kelele mara tu ukifungua. Kaza regulata kwa vidole tu. Unganisha bomba la kujazia jaketi, geuza uso wa geji (kipimo cha shinikizo la mtungi) usikuelekee, kisha fungua mtungi hadi mwisho.

Hapo kuna kipimo kimoja ambacho sikiruki. Vuta pumzi nne kupitia regulata huku macho yako yakiwa kwenye mshale wa geji. Mshale ukitulia kwenye 200, sawa. Ukicheza, unashuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, mtungi umefunguliwa nusu. Juu ya boti utapata hewa bila taabu, lakini ukifika mita 15 regulata itakuwa nzito kama unanyonya maji kwa mrija uliobanwa.

Kwenye maji ya kina kifupi unafundishwa mengi: kuivua regulata na kuitafuta kwa kuzungusha mkono wa kulia kutoka pajani kwenda nyuma, kupumua kwa regulata ya njano ya mwenza, kupanda bila hewa. Gumu kwa walio wengi ni miwani. Namna ya kutoa maji ni hii: bonyeza ukingo wa juu wa miwani kwenye paji la uso, anza kutoa hewa kwa pua, polepole na kwa muda mrefu, ndipo uinue uso kidogo. Maji yanatokea chini. Makosa niliyoyaona ni matatu. Wa kwanza anapuliza kwa mdomo, hewa yote inatokea kwenye regulata. Wa pili anainua uso kabla hajaanza kupuliza, maji yanamwingia puani. Wa tatu anaitoa miwani yote usoni, inajaa tena. Pumzi moja ndefu inafanya kazi kuliko tatu za kushtua.

Masikio yanataka subira. Nilisawazisha shinikizo la masikio mara moja nikiwa bado juu ya maji, halafu kila nusu mita hadi mita 5, kwa kubana pua na kusukuma hewa kidogo. Mita za mwanzo ndizo ngumu kwa sababu kati ya 0 na 10 ujazo wa hewa unapungua kwa nusu, badiliko ambalo hulipati tena katika mita 10 nyingine zozote chini ya hapo. Shuka miguu ikitangulia, ukishika kamba ya nanga. Sikio likigoma, panda mita moja, subiri, jaribu tena. Ukishasikia maumivu umeshachelewa, na kulazimisha kunaweza kupasua kiwambo. Mwenye mafua abaki nchi kavu siku hiyo, hata kama ameshalipa.

Risasi za mkandani, yaani vipande vizito vya kukuzamisha, zilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilianza na kilo 8, nikawa nazama kama jiwe, najaza jaketi ili nielee, nikipanda kidogo hewa ya jaketi inatanuka, navutwa juu, naitoa, nazama tena. Kosa halikuwa la jaketi. Uzito ulizidi, na kifua changu kilikuwa kimejaa muda wote kwa ile tabia ya kubana. Kipimo sahihi ni kuelea wima na jaketi tupu, pumzi ya kawaida kifuani: maji yafike usawa wa macho, na ukitoa pumzi uzame taratibu. Ukipima na mtungi uliojaa ongeza kilo 2, kwa sababu mtungi wa aluminiamu hupoteza karibu uzito huo hewa inapotumika. Kwa suti ya milimita 3 nilimaliza kozi na kilo 5.

Baada ya hapo ndipo mapafu yalipoanza kufanya kazi yake. Ukivuta, baada ya sekunde moja au mbili mwili unapanda kidogo. Ukitoa, unashuka. Huko kuchelewa ndiko kunakowachanganya wanafunzi: wanaona hawapandi, wanabonyeza kitufe cha jaketi, kisha wanapanda kwa vyote viwili. Nilihesabu moja hadi nne nikivuta, moja hadi sita nikitoa, bila kusimama katikati, mikono nimeikunja kifuani ili nisipige maji.

Dole gumba juu maana yake ni “tunapanda”, si “mambo safi”. Mazoea ya barabarani yaache ufukweni, maana mwenza wako atakuchukulia kwa uzito na mzamio utaishia hapo. “Sawa” ni duara la kidole gumba na cha shahada. Kupanda kwenyewe ni polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na unasimama mita 5 kwa dakika 3 ili nitrojeni itoke mwilini. Kwa sababu hiyo hiyo usipande ndege kabla ya saa 18 kupita baada ya siku kadhaa za kuzamia, hata ile ndogo ya dakika 20 kwenda Dar es Salaam. Nilirudi kwa boti.

Hesabu za daftari langu ni hizi. Mzamio wa kwanza: kina cha wastani mita 9, dakika 31, nilianza na bar 200 nikatoka na 50. Hiyo ni kama lita 28 kwa dakika ukirudisha hesabu kwenye shinikizo la juu ya maji. Mzamio wa nne: wastani mita 12, dakika 42, nilianza na 200 nikatoka na 60, sawa na lita 17 kwa dakika. Mtungi ulikuwa wa ukubwa ule ule na suti ile ile.