Printa moja nyumba nzima: nilivyoiweka kwenye waifai na umeme ukikatika haipotei tena

Nyumba yetu hapa Tabata kila mtu ana kitu cha kuprinti. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari na mitihani yake anaitungia nyumbani, mdogo wake anakaa na sisi anasoma chuo kwahiyo asaimenti haziishi, watoto kazi zao za likizo zinatumwa PDF kwenye grupu la wazazi, alafu mimi nina invoisi zangu za kazi. Zamani tulikuwa tunaenda steshenari, na hela haikuwa ndo shida kubwa, kilichokuwa kinaniuma ni mtihani wa wanafunzi kubaki kwenye kompyuta ya mtu. Unaufuta pale lakini huna uhakika kama umefutika kweli, na flashi nayo inarudi nyumbani na virusi, mafaili yote yamegeuka shotikati. Nikasema hapana, inunuliwe printa moja yenye waifai na watu wote waitumie, kila mtu akiwa na simu yake au laptop yake pale alipo.

Nilichukua ile ya wino wa kujazia kwenye tanki, siyo ya katriji, maana kwa nyumba inayoprinti kila wiki wino wa chupa unaenda mbali zaidi. Ina waifai ila haina skrini, ina vitufe na taa tu. Nikaiweka kwenye meza ya korido, kuta zetu ni za tofali za block kwahiyo sikutaka iwe chumba cha mwisho mbali na rauta.

Kuiunganisha mara ya kwanza ndo kuna kitu watu wengi wanakwama na mimi nataka nikielezee vizuri. Rauta za siku hizi zinarusha masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, na mara nyingi yote yanatumia jina moja la waifai. Printa nyingi za nyumbani zinaelewa 2.4 tu. Sasa simu yako imekaa kwenye 5, unafungua apu ya printa, apu inajaribu kuipa printa taarifa za mtandao ambao printa yenyewe haiuoni, inazunguka zunguka mwisho inakwambia imeshindikana na wewe unaanza kuilaumu printa. Nilichofanya niliingia kwenye setingi za rauta kwa kuandika namba yake kwenye brauza (yangu ni 192.168.1.1, zile za laini ya simu nyingi ni 192.168.8.1, angalia stika ya chini ya rauta utaikuta), nikazima 5 GHz kwa muda, nikaunganisha printa, kisha nikaiwasha tena. Simu zikarudi kwenye 5 na zinaprinti bila tatizo, kwa sababu hayo masafa ni milango miwili tu ya mtandao mmoja. Pia angalia aina ya ulinzi, kama rauta imewekwa WPA3 peke yake printa nyingi hazitaingia, iweke WPA2 au ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Kama rauta yako ina kitufe cha WPS, kile cha kuunganisha kifaa bila kuandika paswadi, ni rahisi zaidi, unakibonyeza, alafu ndani ya dakika 2 unashikilia kitufe cha waifai kwenye printa mpaka taa ianze kupepesa, ikitulia ujue imeingia. Ukimaliza nakushauri WPS uizime kwenye setingi, siyo kitu cha kuacha wazi.

Baada ya hapo nikaprinti karatasi ya taarifa za mtandao, kwenye yangu unashikilia kitufe cha taarifa kwa sekunde chache inatoka yenyewe. Hiyo karatasi usiitupe jamani. Ina anwani ya IP ya printa, yaani namba yake kwenye mtandao wa nyumbani, na ina namba ya MAC, ile ya utambulisho kifaa kinatoka nayo kiwandani, zile herufi na tarakimu 12 zinazoandikwa mbili mbili. Ukichukua ile IP ukaiandika kwenye brauza ya simu au laptop iliyo kwenye waifai hiyohiyo, inafunguka kurasa ya printa yenyewe, unaona wino umebaki kiasi gani, unabadilisha jina lake, unaweka paswadi ya admini. Mimi niliipa jina la PRINTA-KORIDO ili kila mtu aijue kwenye simu yake.

Basi siku za mwanzo kila kitu kikaenda vizuri, mke wangu akaprinti mtihani wote akiwa chumbani, furaha. Umeme ukakatika. Uliporudi laptop ikaandika printa iko offline, na printa iko pale imewaka, taa ya waifai imetulia kabisa. Unazima unawasha, inakubali, kesho umeme unakatika tena hadithi ileile, na mtihani unatakiwa asubuhi. Hapa ndo penye kiini cha mambo yote na ndo sababu nimeamua kuandika, kwa sababu hapa ndo watu wanakata tamaa wanarudi kwenye kebo ya USB wanasema waifai ya printa ni ya kubahatisha. Siyo ya kubahatisha. Rauta inagawa namba za IP kwa kila kifaa kinachoingia, mfumo unaitwa DHCP, na rauta nyingi za nyumbani zikizimika zinasahau zilimpa nani namba gani. Umeme ukirudi vifaa vyote vinaamka na kuomba namba kwa pamoja, simu hii ikiwahi inachukua ile iliyokuwa ya printa, printa inapewa nyingine. Laptop yenyewe bado inatuma kazi kule kwa namba ya zamani. Ni kama ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba zikabandikwa namba, sasa fikiria mtu angekuwa anazibadilisha kila umeme ukikatika, mgeni wako angefika kwa nani?

Dawa ni kuipa printa namba isiyobadilika. Unaingia kwenye rauta, unatafuta sehemu ya DHCP, humo kuna kitu kimeandikwa Address Reservation au Static Lease au IP Binding, kila rauta na maneno yake. Unaweka ile MAC ya kwenye karatasi, unaandika IP unayoitaka, mimi nikaweka 192.168.1.150, unasevu, unazima printa na kuiwasha. Imeisha hiyo. Kuna wanaoweka namba kwenye printa yenyewe badala ya rauta na inafanya kazi pia, ila lazima namba iwe nje ya zile rauta inazogawa, na siku ukihama kutoka rauta ya laini kwenda faiba, kama rauta mpya inatumia 192.168.1 na ya zamani ilikuwa 192.168.8, printa inakuwa imeachwa kwenye mtaa ambao haupo tena. Kwenye rauta ni salama zaidi.

Kisha kwenye laptop za Windows nikaifuta printa na kuiongeza upya kwa mkono, ukifika kwenye kuongeza printa chagua ile ya kutumia anwani ya IP, andika 192.168.1.150, weka draiva (programu ya kuiendesha printa). Kwa njia hii laptop inajua moja kwa moja inaenda wapi. Hakikisha waifai ya nyumbani kwenye laptop imewekwa Private siyo Public, ikiwa Public laptop inajificha na kutafuta printa kwenyewe kunakuwa shida. Na kama bado inaandika offline wakati printa ni nzima, ingia kwenye setingi za poti ya hiyo printa utoe tiki kwenye SNMP Status, ile njia ya laptop kuiuliza printa hali yake, hiyo imesaidia laptop ya mke wangu.

Kwenye simu hakuna kazi. Android kuanzia 8 ina huduma ya kuprinti ndani yake, na iPhone zina AirPrint tangu 2010, unafungua faili, unabonyeza shea, unachagua kuprinti, jina linatokea. Shemeji yangu ndo akaniambia, "Shem, mbona mimi kwangu haionekani?" Kuangalia simu yake iko kwenye waifai ya wageni. Waifai ya wageni inawatenganisha watu makusudi, wanapata intaneti lakini hawaoni vifaa vya ndani, na kuna rauta zina setingi hiyohiyo kwenye waifai ya kawaida inaitwa AP Isolation. Nikamhamishia kwenye ya familia ikaonekana palepale. Wageni nimewaacha hivyohivyo, hawana haja ya kuiona printa.

Kitu ambacho naulizwa sana na ndugu, je inakula bando? Hapana. Kuprinti namna hii kunatoka kwenye simu kwenda rauta kwenda printa, hakutoki nje ya nyumba, hata bando likiisha kabisa bado unaprinti mradi rauta imewaka. Hii imetuokoa mwisho wa mwezi.

Suala la umeme nalo lina upande mwingine. Printa inawaka haraka kuliko rauta, inatafuta waifai haipo, na nyingine zikikosa zinaacha kutafuta. Nikanunua UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba, zile za volti 12, sasa rauta haizimiki umeme ukikatika muda mfupi na printa ikiamka inaikuta ipo. Printa usiichomeke kwenye UPS hasa kama ni ya leza, inavuta moto mkubwa inapopasha. Na ya wino izimwe kwa kitufe chake kwanza kabla ya swichi ya ukutani, ikizimwa kwa kitufe kichwa kinarudi kwenye kifuniko chake na wino haukauki. Nimewafundisha watoto na wanafanya.

Nikazima na Wi-Fi Direct, ule mtandao mdogo printa inaurusha wenyewe unaoanza na neno DIRECT, majirani walikuwa wanauona na kuna printa paswadi yake ya kiwandani mtoto anaikisia.

Skana nayo inapita humohumo. Juzi mke wangu kaskani cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwa ajili ya shule, karatasi iko korido, PDF ikaingia kwenye simu yake jikoni.