Nilimwambia Mzee Atarudi

Zamu yangu iliisha saa kumi jioni, lakini Jumapili ile, tarehe 11 Oktoba 2015, sikuenda nyumbani. Nilivua aproni, nikachemsha chai, nikavuta kiti hadi ubavuni mwa mzee mmoja aliyekuwa tayari amefungwa shingoni skafu nyekundu ya Munster, timu ya raga ya jimbo lao. Saa kumi na moja kasorobo Ireland ingecheza na Ufaransa mjini Cardiff, katika Kombe la Dunia la raga, na nilikuwa nimemwahidi kwamba tutaitazama pamoja.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Limerick, Ireland. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi ya uchukuzi bandarini, na ujanani alicheza raga mstari wa mbele, pale shingo inapoliwa na skramu, timu mbili zikisukumana zimeinama bega kwa bega. Masikio yake yalikuwa yamevimba na kujikunja hata shimo halionekani. Siku niliyofika kazini aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kenya, Nakuru. Akanitazama mabega, akauliza, "Ulicheza namba ngapi?" Nilikuwa nimecheza nikiwa sekondari, jezi namba nne, mstari wa pili. Tangu hapo tukawa watu wa nyumba moja. Nilimwita Mzee kwa Kiswahili, na nilipomweleza uzito wa neno hilo kwetu, akawakataza wenzangu wasimwite vingine.

Limerick huwezi kuielewa bila raga. Sehemu nyingi za Ireland mchezo huu ulikuwa wa shule za wenye nacho, ila pale mchukuzi na daktari husukumana katika skramu moja. Uwanja wao, Thomond Park, ndiko Munster walikowafunga All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, 12 kwa 0 mwaka 1978, na Mzee alikuwepo. Tena wana desturi ninayoipenda kuliko zote nilizozikuta huko: mpiga teke akisimama nyuma ya mpira, uwanja mzima hunyamaza, hata akiwa ni wa timu pinzani. Sebuleni kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Johnny Sexton, mpiga teke wa Ireland, alipojipanga kupiga, vijiko viliacha kugonga vikombe.

Paul O'Connell, nahodha wa Ireland, alikuwa mtoto wa mji huo. Karibu mita mbili kwa urefu, na utotoni maji ya bwawa la kuogelea ndiyo yaliyomlea kabla ya raga. Mechi yake ya kwanza na timu ya taifa, Februari 2002 dhidi ya Wales, alifunga trai, yaani aliutua mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, na katika mechi hiyo hiyo akagongwa kichwa vibaya hata asikumbuke kwamba alifunga. Mzee ndiye aliyekuwa akimkumbukia. Alinisimulia trai ile kila nilipomnyoa ndevu, na sikuwahi kumkatiza. Mengine aliyataja kwa haraka, kama mtu anayehesabu wajukuu: ubingwa wa Ulaya na Munster 2006 na 2008, mwaka 2009 Ireland iliposhinda mechi zake zote tano za Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya Ulaya, unahodha wa Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, huko Afrika Kusini mwaka huo huo, kisha Mataifa Sita tena 2014 na 2015, kombe likiwa mkononi mwake. Sasa O'Connell alikuwa amebakiza siku tisa atimize miaka 36. Alishatangaza kwamba baada ya Kombe la Dunia ataaga timu ya taifa na kwenda kuchezea klabu ya Toulon, Ufaransa.

Mechi ilikuwa ya vifua. Sexton alitolewa mapema, ameumia, na Ian Madigan akaingia. Mapumziko yakikaribia, Ireland ikiongoza 9 kwa 6, O'Connell aliinama juu ya mpira uliokuwa chini. Hiyo ndiyo kazi iliyomjenga: miguu umeipanua, mgongo umeulaza, mikono imeng'ang'ania mpira, na wapinzani wanakuja kukung'oa kama kisiki. Wafaransa wakamwingia. Alianguka, akabaki chini.

Kazi yangu ilikuwa kuinua watu. Unajifunza kusoma mwili kabla ya mwenyewe kusema neno, na ule niliousoma kwenye televisheni haukuhitaji daktari. Alikuwa ameshika nyuma ya paja, uso ameukaza, na mguu mmoja ameuacha vile mtu anavyouacha mguu asiouamini tena. Msuli, tulikuja kusikia, ulikuwa umeng'oka kwenye mfupa. Miaka kumi na mitatu na zaidi nilikuwa nimemwona akiinuliwa, mpira unaporushwa kutoka pembeni, wawili wamemshika mapajani, yeye juu ya vichwa vya wote, mikono hewani. Safari hii walimwinua akiwa amelala kwenye machela.

Mzee hakutazama televisheni tena. Alinitazama mimi. "Amekwisha?"

"Atarudi," nikasema.

Nilikuwa sijawahi kumdanganya. Alipouliza kuhusu dawa, nilimwambia ukweli. Alipouliza kama mwanawe amepiga simu, nilimwambia ukweli, na huo ulikuwa mgumu zaidi. Siku ile ulimi ulinitangulia. Aliitikia kwa kichwa, akashika kikombe chake, hakunywa.

Ireland ilishinda 24 kwa 9. Rob Kearney na Conor Murray walifunga trai, Madigan akalia mbele ya ulimwengu mzima, na sebuleni wazee ambao kwa kawaida hawawezi kunyanyua mkono wakapiga makofi. Wiki iliyofuata, bila nahodha, Argentina iliwatoa 43 kwa 20.

Usiku ule mimi na mwenzangu wa zamu ya usiku tulimhamishia Mzee kitandani, kila mmoja upande wake wa shuka. "Enzi zangu kumwinua mwenzako ilikuwa marufuku," akasema tukiwa tumemshikilia hewani. "Ulimshika kaptura refa akigeuza macho." Kisha, alipokwisha kulala vizuri: "Wewe ulicheza namba nne. Umeona nilichokiona." Nikazima taa.

Februari 2016 nilimsomea gazeti wakati wa chai ya asubuhi, kama kawaida yangu. Madaktari walikuwa wamemshauri O'Connell aache raga kabisa. Toulon hakuicheza hata mechi moja. Nilisoma habari yote bila kuruka, hata pale sauti ilipokwama.

"Ulisema atarudi," akasema Mzee.

"Nilisema, Mzee. Nilijua si kweli. Nisamehe."

Akanyoosha mkono, akaugusa mkono wangu uliokuwa umeshika gazeti, akausukuma kidogo kuelekea juu ya ukurasa. "Soma tena pale walipohesabu mechi za Ireland."

"Mia moja na nane."

"Ya kwanza ni ile ya Wales," akasema, akaanza kunisimulia trai.