Jumamosi za Lubumbashi: kwa nini nachagua kuongoza mchezo

Mezani kwetu kuna kiti kimoja kisichogombewa. Wachezaji hupatikana bila tabu: tangaza tu kwamba Jumamosi kuna mchezo, watu wanajibu papo hapo. Uliza sasa nani ataongoza, kila mmoja anakumbuka ana msiba au mgeni. Mimi kiti hicho nakitaka. Nakitaka hata wiki ambayo nimeshinda mpakani Kasumbalesa nikihangaika na karatasi za malori, nimerudi mjini usiku vumbi limejaa hadi masikioni. Sababu zangu zina uhusiano mkubwa na kuishi hapa Lubumbashi, Kongo, mbali na kwetu Mbeya, na ndiyo maana naziandika kwa ajili ya ndugu wanaoniuliza huku ninafanya nini siku za mapumziko.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa uhusika. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, kila mmoja anabeba mtu wake wa kubuni: mwindaji, mganga, mchuuzi. Mmoja, kiongozi, anabeba vyote vilivyobaki: mvua, njaa, mlinzi wa lango, mfalme na wake zake, simba porini. Kiongozi anaeleza hali ilivyo kisha anauliza, "Mnafanya nini?" Wakijibu, anaeleza yanayofuata. Pale ambapo hakuna mwenye uhakika, dadu inaamua. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ndio waliotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, na michezo mingine mingi ya namna hiyo imefuata tangu hapo. Sisi tunatumia kanuni zake za msingi, kwa sababu mwaka 2023 zilitolewa kwa leseni huria, mtu anazipakua bure bila kuvunja sheria, na tafsiri ya Kifaransa ipo. Hapa watu wamesoma kwa Kifaransa. Basi kanuni tunazisoma kwa Kifaransa, hadithi tunaisimulia kwa Kiswahili.

Mchezo unahitaji dadu ya pande 20, na hiyo kuipata ni kazi. Tuna vifuniko 20 vya soda vilivyoandikwa namba kwa wino mweusi, ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona fundi cherehani mwenzetu. Unatingisha, unachomoa kimoja, unakisoma mbele ya watu, unakirudisha. Kila namba ina nafasi moja kati ya 20, sawasawa na dadu yenyewe. Na mkono ukiwa ndani ya mfuko, meza nzima inanyamaza, kitu ambacho dadu ya kutupwa haifanyi.

Tunakutana mtaa wa Katuba, kwenye lupango, yaani ua, la mwalimu mmoja, chini ya kibaraza cha mabati. Mbabula, yaani jiko, iko pembeni na makala (mkaa) yake, bukari (ugali) inasongwa, kuna sombe (kisamvu) na dagaa. Umeme ukikatika, na unakatika, tunawasha taa ya kuchaji na kuendelea. Wachezaji wangu ni mwalimu huyo, fundi makanika wa malori, fundi cherehani, na binti anayesomea uuguzi. Mimi ni Mtanzania peke yangu. Wananiita yaya, yaani mkubwa wao, kwa kuwa nimewazidi umri.

Hatuchezi habari za majoka na ngome za Ulaya. Nilipochukua uongozi niliwauliza wanataka dunia gani, wakasema hii hii, ila ya zamani. Nikawaletea Bunkeya, mji mkuu wa Mwami, yaani mfalme, Msiri. Kwangu habari hiyo ina uzito wa pekee. Msiri alikuwa na asili ya upande wetu, kwa Wasumbwa wa magharibi ya Tanzania ya leo. Watu wake walikuja huku kwa biashara ya shaba na pembe za ndovu, na katikati ya karne ya 19 akajijengea ufalme, Garenganze, na wafuasi wake wakaitwa Bayeke. Njia za misafara zilikwenda mpaka Tabora na pwani. Leo malori ninayoyashughulikia yanabeba shaba ya Katanga kupitia Zambia na Tunduma hadi bandari ya Dar es Salaam. Kwa hiyo wachezaji wangu ni watu wa msafara. Wametoka Unyanyembe, upande wa Tabora, na nguo, shanga na baruti, wanakwenda kwa Mwami kuomba shaba.

Nieleze jioni moja ili mnielewe. Msafara umefika Bunkeya, umekaribishwa, umeambiwa usubiri. Mimi nilikuwa nimeandaa ugomvi: wapiganaji wa Mwami wanadai hongo kubwa kuliko mali waliyobaki nayo, na nilitarajia ama wapigane ama watoroke usiku. Nikauliza, "Mnafanya nini?" Makanika, ambaye mhusika wake ni mhunzi, akainua mkono.

"Apana, yaya. Ngoja kwanza. Miye niko fundi ya mukuba. Minamwambia Mwami: usinipatie mukuba, unipatie majiwe na makala, utaona."

Mukuba ndiyo shaba. Kisha akaniuliza tuko mwezi gani. Nikamwambia achague yeye. Akasema Julai, kwa sababu masika mashimo yanajaa maji na hakuna anayechimba. Akaanza. Mawe ya kijani yanavunjwa vipande vidogo. Tanuru linajengwa kwa udongo wa kichuguu, maana huo unavumilia moto. Mivukuto ni ya ngozi, inapulizwa kwa zamu, na anayepuliza hapumziki mpaka aambiwe. Makala yawe ya mti mgumu. Shaba ikitiririka inapokelewa kwenye umbo la msalaba lililochorwa mchangani. Akasimama, akatuonesha kwa mikono jinsi mchanga unavyokandamizwa ili ukingo usibomoke. Huyu ni mtu ambaye mchana kutwa yuko chini ya lori. Babu yake alikuwa akimsimulia hayo alipokuwa mdogo, na miaka yote tuliyofahamiana hakuwahi kutaja hata neno moja.

Ugomvi niliouandaa niliuweka kando. Nikasema jaribio ni la kiwango cha 15, na kwa ufundi wa mhusika wake anaongeza 5, kwa hiyo akichomoa 10 au zaidi amefaulu. Hiyo ni asilimia 55. Akatia mkono mfukoni. Kikatoka 9.

Hapo ndipo ninapoupenda uongozi kuliko kitu chochote kwenye mchezo huu. Meza nzima inakutazama. Kanuni imesema hapana, lakini haijasema hapana ya namna gani. Kiongozi mvivu angesema shaba haikutoka, mambo yakaishia hapo. Nikasema shaba imetoka, lakini kidogo, na msalaba umekosa mkono mmoja. Mwami ameugeuzageuza kiganjani, amecheka, ameamuru mhunzi abaki Bunkeya mpaka atengeneze ulio kamili, na wenzake waende bila yeye. Basi msafara ukawa hauna fundi, fundi akawa mateka anayeheshimiwa, na hadithi ikapata njia mbili ambazo mimi sikuwa nimeziona asubuhi ya siku ile.

Watu hudhani kiongozi ndiye msemaji mkuu. Wanadhani nataka kiti hicho ili nisikilizwe. Kwa uzoefu wangu ni kinyume kabisa. Ninapokuwa mchezaji, nusu ya akili yangu iko kwa mhusika wangu: ana nini mkononi, zamu yake inafika lini, atasema nini ili apendeze. Mwenzangu akisimulia, namsikia kwa sikio moja. Ninapoongoza siwezi kufanya hivyo. Lazima nishike kila neno la kila mtu, kwa sababu jibu langu linajengwa juu yake. Ile habari ya tanuru, kama ningekuwa na mhusika wangu pale, ningekuwa nawaza namna ya kuwakimbia wapiganaji wa Mwami.

Na kwa mgeni hilo ni jambo kubwa sana. Lubumbashi ni mji mkarimu, lakini ukarimu una mpaka wake. Mgeni anaambiwa yanayofaa mgeni. Nimekaa kwenye sherehe nyingi hapa nikipewa kiti cha mbele, soda baridi na maneno mazuri, nikaondoka bila kujua lolote jipya kuhusu walionialika. Mezani kwetu Jumamosi ninauliza maswali ambayo mtaani yangekuwa utovu wa adabu. Mhusika wako anamwogopa nani? Kwao wanazikaje? Akipata mali atamficha ndugu yupi? Wanajibu kwa jina la mtu wa kubuni, na nyuma yake naisikia Katuba, naisikia Kamalondo, nazisikia habari za wazee waliofanya kazi kampuni ya migodi, Union Minière na baadaye Gécamines na nini kilitokea mishahara ilipokoma kuja.

Hata Kiswahili changu kimepata kazi. Nikimsemesha mjumbe wa Mwami au tajiri kutoka pwani, naongea cha kwetu, na kinamfaa, anaonekana mtu wa mbali mwenye makuu. Nikimsemesha mama wa sokoni, fundi cherehani ananikata katikati ya sentensi na kumsemea yeye. Namwachia. Anamsemea vizuri kuliko nitakavyoweza maishani.

Sisemi kwamba kucheza hakuna ladha. Mwalimu wetu naye huongoza mara mojamoja, na yeye anapenda mchezo wa kutisha, Call of Cthulhu, uliotoka mwaka 1981, ambao watu wake wa kawaida wanakutana na mambo yanayozidi akili zao, na kadiri wanavyoyajua ndivyo akili zinavyopungua, kwa alama zinazohesabiwa kabisa kwenye karatasi. Alituweka Élisabethville, yaani mji huu huu kabla haujabadilishwa jina mwaka 1966, enzi za Wabelgiji, kwenye kituo cha reli. Nilikuwa karani wa simu za maandishi. Usiku mmoja ujumbe ukaanza kuingia kutoka kituo ambacho hakikuwa kwenye orodha. Niliogopa, nasema kweli. Kiongozi haogopi hivyo kamwe, maana yeye ndiye anayejua kilichoko gizani. Hofu ile, na ile raha ya kutojua, ndiyo gharama ninayoilipa ninapochagua kuongoza, na si ndogo.

Binti wa uuguzi hataki kabisa kuongoza, na hoja yake naiheshimu kuliko zote nilizowahi kusikia upande huo. Nilimshawishi wakati fulani, kwa kuwa ana akili kali na kumbukumbu nzuri. Akanijibu, "Yaya, weye unabebaka bantu yote. Miye minataka kubeba mumoja tu, nimubebe muzuri." Mchana yuko wodini, na pale kila mtu ni wa kwake. Jumamosi anataka moyo mmoja wa kuulinda. Na anaulinda! Mhusika wake, mganga mdogo wa msafara, alipojeruhiwa mpaka akaishiwa nguvu, kanuni ikataka achomoe vifuniko mpaka afaulu mara tatu au ashindwe mara tatu, 10 kwenda juu ikiwa ni kufaulu. Alishindwa mbili mfululizo. Aliposhika mfuko tena alikuwa amefumba macho, na aliyekuwa anageuza nyama kwenye mbabula aliiacha ikaungua. Alipona, na mwalimu akapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Mimi niliyemjeruhi nilikuwa na furaha kuliko wote, lakini ile aliyokuwa nayo yeye ilikuwa ya aina nyingine, nami nikiwa kwenye kiti changu siwezi kuifikia.

Kwa hiyo anayeniuliza kipi bora namjibu kwamba inategemea umekosa nini wiki nzima. Mimi kazini naandika namba za makontena na kujibu simu, na jioni narudi chumba cha kupanga ambako hakuna anayeniuliza habari. Nilichokosa ni watu, wengi, wenye mambo yao. Kuongoza kunanipa hao.

Maandalizi si mzigo kama wengi wanavyoogopa. Naandika nusu ukurasa tu: mahali pamoja, majina machache ya watu watakaokutana nao, na mbele ya kila jina kitu ambacho mtu huyo anakitaka wiki hii. Sipangi wachezaji watafanya nini. Nikipanga, nitawasukuma waende huko, na hapo sitakuwa nawasikiliza tena. Viongozi wa kurasa ishirini nimewaona. Hadithi zao ni nzuri, ila ni zao.

Sasa hadithi yetu imefika mwaka 1890. Waingereza wamekwisha kufika Bunkeya wakitaka Mwami aweke saini mkataba wao, naye amewakataa. Kila mtu mezani anajua kinachokuja: tarehe 20 Desemba 1891 Msiri atapigwa risasi na afisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wahusika wao hawajui. Mhunzi bado yuko pale, sasa ana wanafunzi na nyumba, na wiki iliyopita Mwami alimwita akamwuliza shauri kuhusu wageni. Makanika ameomba apewe muda wa kufikiri, amekwenda kuuliza wazee wa kwao. Nimewaambia wazi kwamba silindi historia. Wakimshauri vingine na vifuniko vikakubali, tutakwenda huko watakakotupeleka. Mwalimu, ambaye ndiye anayefundisha somo hilo shuleni, hajakubaliana nami, na tumebishana juu yake tangu Jumamosi. Anasema kuna vifo ambavyo havipaswi kuachiwa mfuko wa vifuniko. Fundi cherehani yuko upande wangu, binti wa uuguzi upande wa mwalimu, na makanika hajarudi kutoka kwa wazee.