Bambo Lililobaki Ukutani

Msimu wa korosho wa 2014 ulinikuta nikiwa mpima ubora katika chama cha msingi kimoja cha wakulima wilayani Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ukishaondoka unaliona bonde la Mto Ruvuma limetanda chini upande wa kusini. Ulikuwa msimu wangu wa tatu, na sifa zilikuwa zimeanza kunikaa. Makarani wenzangu walisema nina jicho: natia mkono ndani ya gunia, natikisa korosho kiganjani, nasikiliza mlio wake, nataja daraja. Niliamini kwamba huko ndiko kujiamini kazini.

Siku ninayoikumbuka, mvua ya Novemba ilikuwa imenyesha usiku kucha na foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja wa makamo alishusha magunia matatu kutoka kijiji cha bondeni ambacho karani aliyenitangulia alinitahadharisha nacho tangu wiki yangu ya kwanza, akidai kwamba watu wake huanika nusu siku na kuchanganya korosho zilizolowa na zilizokauka. Nilimuuliza anatoka wapi, akanijibu, nami nikaandika daraja la pili. Hakupandisha sauti. Alitazama nyuma yangu, akasema, "Mwanangu, mbona bambo bado liko ukutani?"

Kweli bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kuchota sampuli, lilikuwa limening'inia kwenye msumari wake, kavu.

Nililichukua kwa hasira, nikiwa na hakika kwamba litanitetea. Nilichoma kila gunia juu, katikati na chini, nikapata kilo moja, na kipima unyevu kikasoma asilimia 9, ilhali mwisho tuliokuwa tukiukubali ni 10. Nikaanza kukata. Utomvu wa maganda ulinichafua vidole, lakini viini vilitoka vyeupe, vimejaa, bila doa. Hapo nikafanya jambo ambalo hadi leo linaniuma kuliko kosa lenyewe: nilichota sampuli ya pili, safari hii kwenye kona za chini tu, ambako unyevu hujificha, nikitafuta korosho mbovu. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimepokea magunia kumi na manne ya mzee mmoja mwenye cheo kijijini, yakaingia daraja la kwanza kwa kutikiswa kiganjani, wala sikuona haja ya kuchota hata mara moja. Shaka yangu ilikuwa ikijua nani wa kumwendea.

Sampuli ya pili nayo ilikuwa safi. Nilikata mstari juu ya nilichoandika, nikaandika daraja la kwanza, nikatia sahihi pembeni, kisha nikasema mbele ya wote, "Mama, nisamehe. Niliandika kabla ya kupima." Nilidhani foleni nzima itaacha kuniamini. Kijana aliyemfuata alisogeza gunia lake mbele, akaniokotea bambo, akanikabidhi.

Tangu kesho yake kibarua ndiye aliyechota sampuli, akaniletea bakuli lenye namba tu, bila jina wala kijiji. Kazi ilienda polepole na wengine walilalamika, lakini nilipotaja daraja nilikuwa na cha kuonyesha, hata pale mzigo wa mwenye cheo uliposhuka daraja na yeye akasimama mezani kwangu kudai maelezo.

Jioni ya siku ile, hata hivyo, nilikuwa nimebaki na daftari. Katika wiki mbili nilikuwa nimepokea wakulima tisa wa kijiji kile, saba nikiwapa daraja la pili, na mbele ya majina manne kati ya hayo saba hapakuwa na namba ya unyevu. Magunia yao yalikuwa yameshapakiwa kwenye lori kwenda ghala kuu, yamechanganywa na mengine, hayapimiki tena. Katibu alinishauri niache. Sikuweza. Ijumaa nilishuka bondeni kwa miguu kuwaeleza wenyewe. Wawili walikuwa wamesafiri, mmoja alinikaribisha maji na hakusema neno. Wa nne nilimkuta shambani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba tofauti ile ya bei ndiyo ilikuwa fedha ya salfa, dawa ya mikorosho, ya msimu ujao, kisha akainama kuendelea kuokota korosho.