Kutoka St Elmo hadi Birgu: Malta ya mwaka 1565

Ukisimama juu ya ukuta wa ngome ya St Elmo, bahari wazi ikiwa mbele yako, Bandari Kuu ya Malta iko kulia na bandari ya Marsamxett kushoto. Nilisoma kwa miaka habari za vita vya 1565, Waturuki walipokizingira kisiwa hiki, lakini ni pale ukutani nilipoona kwa nini watu wengi vile walifia kijiboma kidogo. Mei 1565 jeshi la Sultani Suleiman wa Waturuki lilipowasili, amiri wake wa majini, Piali Pasha, alitaka Marsamxett iwe maficho ya merikebu zake. Mlango wa bandari ile uko chini ya pua ya St Elmo. Huingii bila kupita mbele ya mizinga.

Waturuki walidhani ni kazi ya siku chache. Ngome ikashika karibu mwezi mzima, hadi 23 Juni. Hapo ndipo alipopata jeraha la kifo Dragut, nahodha mkongwe wa upande wa Waturuki ambaye mwaka 1551 alizoa watu wapatao 5,000 wa kisiwa jirani cha Gozo akawatia utumwani.

Nilivuka Bandari Kuu kwenda mji wa Birgu, uliokuwa makao ya walinzi wa kisiwa, kwa dgħajsa, mashua ya rangi kali yenye omo lililosimama wima. Ni mwendo mfupi mno. Maji hayahaya ndiyo yaliyopitisha askari wa kuongeza nguvu St Elmo, usiku, kimyakimya, mpaka Waturuki walipoziba njia. Waliokuwa Birgu waliona kila kitu, na walijua zamu yao inakuja.

Vichochoro vya Birgu ni vyembamba, kuta za mawe ya chokaa ya manjano. Vitabu vinamsifu Jean de Valette, mkuu wa watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, na kweli Agosti ukuta ulipobomolewa alikimbilia penye pengo mwenyewe, akajeruhiwa mguu. Lakini watawa wale walikuwa kama 500 tu. Waliobeba vita ni Wamalta: wakulima, wavuvi, wanawake na watoto waliopeleka mawe na maji kutani chini ya risasi. Majina yao sikuyaona popote, na hilo liliniuma.

Msaada kutoka Sicilia ulitua mwanzoni mwa Septemba, Waturuki wakaondoka. (Chini ya miaka 25 baadaye, kikosi chao kingine chini ya Mir Ali Bey kilishindwa na Wareno kule Mombasa, 1589.)

Ukienda, anzia St Elmo, kisha ndiyo uvuke. Ukianzia Birgu hutaelewa walikuwa wanatazama nini.