Usiku wa Tarehe 31 Julai Mjini Iowa City

Mjini Iowa City, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, mwaka huanza Agosti. Makao makuu ya jimbo yalipohamishiwa Des Moines mwaka 1857, jengo la zamani la serikali liliachiwa Chuo Kikuu cha Iowa, na tangu hapo maisha ya mji yamefuata kalenda ya masomo. Mikataba mingi ya nyumba humalizika mwishoni mwa Julai na mipya huanza tarehe mosi Agosti. Kwa kuwa wenye nyumba hutaka muda wa kupaka rangi na kuosha mazulia, mpangaji hurudisha funguo siku moja na kupewa za nyumba nyingine kesho yake. Usiku ulio katikati haumo katika mkataba wowote.

Mwaka 2014 nilihama chumba cha kushirikiana na wenzangu kwenda kwenye nyumba ndogo ya peke yangu. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili kutoka Morogoro, sina gari wala samani, na hoteli zote za karibu zilikuwa zimejaa wazazi na wanafunzi waliokwama kama mimi. Siku ile ilikuwa ya joto zito lenye unyevu. Kando ya kila barabara yalilundikwa makochi, meza, mashine za kahawa na magodoro ambayo mtu mwenye busara hayagusi kwa kuhofia kunguni. Nilihuzunika kuona vitu vizima vikingoja lori la taka, na bado naamini kwamba wenye nyumba wangeweza kuachia siku moja tu ya nafasi na kumwondolea kila mtu adha ile.

Lakini mji huo huo ulikuwa na dawa yake. Katika jengo la maegesho la Chauncey Swan, pale ambapo Jumatano na Jumamosi wakulima walikuwa wakiuza mahindi mabichi na nyanya, yalikuwa yakifanyika mauzo ya samani zilizotolewa na wanaohama, ili zisiishie dampo. Vikundi vya kujitolea vilisimamia zamu, na mapato yaligawanywa kwao. Nilipata meza imara ya mbao kwa bei ya mlo mmoja wa mgahawani, pamoja na taa na sufuria mbili. Yule mama mzee aliyepokea fedha alifunga vifuniko vya sufuria kwa kamba ili visidondoke njiani, akakubali kunihifadhia meza hadi kesho yake.

Taa na sufuria nilipanda nazo basi. Mabasi ya CAMBUS yameendeshwa na chuo tangu mwaka 1972, madereva wake wengi ni wanafunzi, na hakuna anayetozwa nauli, awe wa chuo au asiwe. Kwa mtu asiye na gari katika jimbo ambalo karibu kila jambo linahitaji gari, huduma hiyo ni nusu ya maisha. Nilishuka katikati ya mji, nikakaa kwenye maktaba ya umma ya Mtaa wa Linn, penye viyoyozi, maji ya kunywa na vyoo safi, na pasipo mtu wa kukuuliza umefuata nini.

Hapo ndipo aliponikuta mama mmoja wa Uvira, aliyeleta watoto wake kuazima vitabu. Tulifahamiana kanisani. Wakongo wengi wameufanya mji huo kuwa wao, na Kiswahili unaweza kukisikia hata kwenye foleni ya dukani. Alitazama sufuria, akatazama mabegi, akauliza, “Utalala wapi leo?” Nilipoanza kueleza habari za mkataba alikuwa amekwisha kumpa mwanawe mkubwa begi langu alibebe. Usiku ule nilikula ugali na sombe, yaani kisamvu, nikalala sebuleni kwao.

Kesho yake mumewe, ambaye sote tulimwita Papa, alinisindikiza kuchukua funguo, kisha tukaifuata meza kwa gari lake. Alikataa katakata fedha ya mafuta. Aliomba jambo moja tu: nimsaidie kujaza fomu za kumwandikisha shule binti yake mdogo, kwani muhula ulikuwa karibu na karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Tuliifanya kazi hiyo jioni ile ile, juu ya meza ile, tukianza na cheti cha chanjo na uthibitisho wa anwani.