Pampu ya Mafuta Niliyoilaumu Bure

Pikapu yangu ya mwaka 1993, yenye injini ya petroli ya silinda nne na nozeli za umeme zinazonyunyizia mafuta, ilikuwa ikiwaka asubuhi mara tu stata inapozunguka na kutembea vizuri kwa muda wa nusu saa hivi. Baada ya hapo, hasa ikiwa na mzigo na inapanda mlima, ilianza kukohoa na kupoteza nguvu mpaka nikalazimika kushusha gia mbili. Nikiachia pedeli kidogo ilipata nafuu, nikikanyaga tena ilikata. Mtu yeyote aliyewahi kumiliki gari la umri huo angesema kwamba ni mafuta hayafiki, na angekuwa sahihi. Kosa langu lilianzia kwenye swali lililofuata, la kwa nini hayafiki, kwa sababu nililijibu kwa pochi kabla ya kulijibu kwa kipimo.

Nilibadilisha chujio la mafuta, jambo ambalo halina hasara kwa kuwa chujio lenyewe lilikuwa limekaa muda mrefu kuliko inavyostahili. Hali haikubadilika. Nikashusha tangi na kuweka pampu mpya, kazi iliyonichukua siku nzima na kuniachia harufu ya petroli mikononi kwa siku mbili. Pikapu ikawa nzima kwa wiki mbili, kisha mlima uleule ukaishinda tena. Hapo ndipo niliponunua geji ya presha, ambayo bei yake haikufika hata robo ya bei ya pampu.

Kabla ya kufungua kiungo chochote cha mafuta, presha iliyobaki ndani ya mabomba lazima itolewe. Mimi huchomoa rilei ya pampu, yaani swichi ndogo inayoipelekea umeme, injini ikiwa inanguruma, naiacha ijizime yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha nafungua terminali hasi ya betri. Kitambaa huwekwa juu ya kiungo kinapolegezwa, kizima moto huwa karibu, na kazi hufanyika mahali penye hewa, injini ikiwa imepoa. Petroli inayoruka kwa presha ya PSI 40 (pauni kwa inchi ya mraba) juu ya bomba la moshi lenye moto haimpi mtu nafasi ya pili.

Jambo la kujua mapema ni presha ambayo injini yako inatakiwa kuwa nayo, kwa sababu namba moja haizifai injini zote. Injini ya kabureta yenye pampu ya kusukumwa na injini hutosheka na PSI 4 hadi 7. Pikapu za Chevrolet za V8 za mwishoni mwa miaka ya 1980, zenye nozeli mbili zilizokaa mahali pa kabureta, huhitaji PSI 9 hadi 13 tu, ilhali zile zenye injini za Vortec zilizoanza mwaka 1996 hazitaki mchezo chini ya 60 hivi. Injini nyingi zenye nozeli moja kwa kila silinda na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, kama yangu, hukaa kati ya PSI 35 na 45, yaani karibu bar 2.5 hadi 3. Kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho.

Nilipofunga geji kwenye bomba linalolisha nozeli na kufungua swichi bila kuwasha, pampu ililia kwa sekunde mbili na sindano ikapanda hadi 40. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta ilisoma 34. Nilipochomoa kimpira chembamba cha hewa kinachounganisha manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, na kidhibiti cha presha, kile ambacho mafundi wengi hukiita regulata, ilirudi 41. Ndivyo inavyopasa kuwa: mvuto wa hewa ndani ya manifoldi ndio unaoishusha presha wakati injini haina kazi, na mvuto huo ukipungua, presha hupanda. Nilikinusa kimpira hicho na kukikung'uta juu ya kiganja, kwa sababu tone la petroli ndani yake lingemaanisha kwamba kiwambo cha regulata kimepasuka. Kilikuwa kikavu.

Nikazima injini na kuitazama sindano. Baada ya dakika tano ilikuwa bado juu ya 30. Kama ingeanguka upesi, ningeshuku vali ya pampu inayozuia mafuta yasirudi, regulata, au nozeli inayovuja. Na njia ya kuzitenganisha ni kubana mpira wa mafuta, kwanza ule wa kutoka kwenye tangi na kisha ule wa kurudi, na kuangalia ni upande upi ukibanwa presha inatulia. Ikiwa haitulii kwa vyovyote, nozeli ndizo za kuangaliwa. Dalili ya hali hiyo, hata hivyo, huwa ni gari kusumbua kuwaka, wala langu halikuwa na shida hiyo.

Kwa hiyo, likiwa limesimama, gari lilifaulu kila mtihani. Naamini hapa ndipo wengi huiondoa geji na kuendelea kubadilisha vipuri, ilhali ugonjwa unaojitokeza mlimani lazima upimwe mlimani. Nilipitisha mpira mrefu wa geji nje ya boneti na kuifunga geji yenyewe kwa utepe juu ya kioo cha mbele, upande wa nje, kwa kuwa mpira wenye petroli haupaswi kuingia ndani ya kabini hata kwa dakika moja, na mwenzangu akakaa pembeni akisoma namba kwa sauti ili macho yangu yabaki barabarani. Baada ya dakika 25 alikuwa bado anasoma 39, 40, 40. Tulipoanza kupanda alisema 36, kisha 31, na pikapu ilipoanza kukohoa alisema 26.

Ukikanyaga pedeli hadi chini, mvuto wa manifoldi hupungua na regulata hupandisha presha. Sindano inayoshuka wakati huo inasema kwamba mafuta yanayofika ni machache kuliko yanayotumika, kwa hiyo shida ipo kati ya tangi na geji. Nilisimama nikafungua kifuniko cha tangi nisikie kama kinavuta hewa, maana tundu la hewa likiziba tangi huwa kama chupa iliyonyonywa. Hakuna kilichosikika. Chujio lilikuwa jipya, pampu ilikuwa mpya. Kilichobaki ni umeme unaoizungusha hiyo pampu.

Nililala chini ya pikapu nikiwa na mita, injini ikinguruma na bado ina moto wa safari. Betri ilikuwa na volti 13.9, lakini kwenye soketi ya pampu zilifika 10.9. Pampu ya umeme ikinyimwa volti tatu huzunguka polepole, nayo bado hutosheleza injini isiyo na kazi, lakini haimudu ile inayopanda mlima. Niliweka waya mmoja wa mita kwenye terminali chanya ya betri na mwingine kwenye waya chanya wa pampu: upotevu ulikuwa volti 0.3, kiasi kinachovumilika kwa nyaya za umri huo. Nikafanya vivyo hivyo upande hasi: volti 2.7.

Waya huo wa upande hasi, yaani wa ethi, ulifungwa kwa skrubu moja kwenye chesisi, juu kidogo ya tangi, mahali ambapo matope ya tairi la nyuma hutua. Kichwa cha waya kilikuwa kijani, na skrubu iliposhikwa kwa vidole ilicheza. Kiungo cha namna hiyo hupata joto kadiri umeme unavyopita, na upinzani wake huongezeka, ndiyo maana safari ya nusu saa ilihitajika kabla ya ugonjwa kuonekana. Nadhani nilipoweka pampu mpya niliusogeza waya huo bila kujua, nikaupa wiki mbili za uhai.

Nilikwangua chesisi hadi chuma kikang'aa, nikaweka waya mpya na skrubu mpya, kisha nikapaka grisi juu yake. Volti kwenye pampu zikawa 13.4, na mlimani mwenzangu alisoma 41 hadi akachoka kusoma. Pampu ya zamani niliifunga kwenye betri ikiwa ndani ya ndoo ya petroli safi, vichwa vya nyaya vikiwa mbali na ndoo, nayo ikatoa zaidi ya nusu lita kwa sekunde 30. Sasa imefungwa ndani ya kitambaa nyuma ya kiti, pamoja na jeki.